Injini ya Trekta Katika Gari Kuukuu: Piga Hesabu ya Difu Kwanza

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuunda hotirodi hapa Mombasa ni injini ipi ya trekta iliyo na nguvu kuliko nyingine, nami huwajibu kwa kuwauliza difu ya gari lao, yaani gia za kwenye eksili zinazopeleka mzunguko magurudumuni, ni ya uwiano gani. Wengi hunyamaza. Hotirodi, kwa asiyeijua, ni gari kuukuu lililopunguzwa mabati na kufungwa injini isiyo yake. Mtindo huo ulishika California, Marekani, katika miaka ya 1930, ambako vijana walinunua Ford za zamani kwa bei ya kutupa, wakazivua madigadi na kuzitia injini yoyote waliyoweza kuipata. Injini ya V8 ambayo Ford iliitoa mwaka 1932, ikiwa na nguvu farasi 65, ndiyo iliyokuja kutamaniwa na wote. Sisi hatuna V8 kuukuu za kuchezea. Tulizo nazo ni injini za dizeli za Perkins.

Injini hizo kutoka Peterborough, Uingereza, zilifungwa katika trekta za Massey Ferguson, foklifti, jenereta, kompresa na pampu za maji, na kwa hiyo mtu mwenye subira hawezi kuzikosa kwa wauza vyuma vikuukuu wa Shimanzi, Changamwe na Jomvu. Ya silinda tatu iliyomo ndani ya Massey Ferguson 135 ina lita 2.5 na hutoa takriban nguvu farasi 45. Ile ya 4.236, yenye silinda nne na lita 3.9, hufikia karibu nguvu farasi 80. Kijana aliyezoea injini ya Toyota huzicheka tarakimu hizo, lakini kucheka huko hutokana na kutazama nguvu farasi peke yake. Nguvu ya kuzungusha ya injini hizi hupatikana chini kabisa, pale ambapo injini ya petroli ya gari dogo bado inababaika.

Upole wa injini ya trekta hautokani na uduni wa chuma chake. Mfano ninaoupenda ni trekta ya Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry kuanzia mwaka 1946 na baadaye kufungwa injini ya kampuni ya Standard. Injini hiyo ina nasaba moja na ile ya Triumph TR2, gari la michezo la mwaka 1953. Kwenye trekta ilitoa nguvu farasi zisizofika 30 ikizunguka polepole, ilhali kwenye Triumph, kwa ukubwa wa karibu lita mbili, ilitoa 90 kwa mizunguko 4,800 kwa dakika. Kati ya mashine hizo mbili kulibadilishwa kamshafti, kabureta, mgandamizo na mengine mengi, na kazi hiyo ilifanywa na kiwanda chenye wahandisi wake. Anayedhani kwamba atapata matokeo kama hayo kwa kukaza skrubu ya gavana, kifaa kinachoizuia injini isizunguke kupita kiwango, atafute burudani nyingine.

Sasa turudi kwenye difu. Injini ya trekta ya dizeli hufungiwa na gavana kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika. Chukua Land Rover ya Series, zile za zamani, ambayo difu yake ni 4.7, maana yake propela (shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi hadi difu) huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi lenye mzingo wa mita 2.2, katika gia ya juu isiyopunguza wala kuongeza, litakupa takriban kilomita 62 kwa saa, na hapo ndipo mwisho wa safari yako hata ukanyage pedali mpaka itokee upande wa pili. Badili difu uweke ya Range Rover ya zamani yenye uwiano wa 3.54, ambayo huingia katika eksili za Series, na gari hilo hilo litafika kilomita 82. Ukiongeza giaboksi ambayo gia yake ya tano ni 0.78, yaani injini huzunguka mara 0.78 tu kwa kila mzunguko mmoja wa propela, utafika 105, huku injini ikiwa haijaguswa wala kuudhiwa. Fanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi kabla hujalipa hata shilingi ya injini. Ukinunua giaboksi ya lori dogo la Kijapani, izungushe kwa mkono na uhesabu mizunguko ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu si kila giaboksi ya gia tano ina gia ya tano inayoongeza mwendo. Nyingine gia hiyo ni moja kwa moja tu. Giaboksi ya Series yenyewe ni dhaifu kwa kazi hii. Huko nyuma wengi waliifunga pamoja na Perkins 4.203 ya lita 3.3, na eksili na gia zikalalamika. Kuiunganisha na 4.236 ni kuitafutia kifo.

Iwapo unaweza kuchagua, acha injini iliyotoka kwenye trekta na uchukue ya foklifti, jenereta au kompresa, hata kama ni ya modeli ile ile. Trekta kama Massey Ferguson 135 haina chesi. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na eksili ya mbele huning'inia kwenye chuma chake. Kwa hiyo sampu yake, lile karai la oili la chini, ni ya chuma kizito cha kumiminwa, na mara nyingi hutakuta ubavuni mahali pa kufungia mikono ya kuikalisha kwenye chesi. Injini ya viwandani huja na sampu ya bati, mikono yake, na mara nyingi nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krankshafti) yenye vipimo vya kawaida ambavyo mchongaji yeyote mzuri anaweza kuvifuata. Ya foklifti ikaguliwe feni, kwa kuwa foklifti nyingi rejeta yao huwa nyuma na feni husukuma hewa badala ya kuivuta, na ukiihamisha bila kuibadilisha itashindana na upepo wa barabarani. Injini za boti mimi sizigusi. Zile zilizopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huwa zimeliwa kwa ndani na chumvi, na rangi mpya ya nje haikwambii lolote.

Bamba la kuunganishia injini na giaboksi ndilo mahali pa kutumia fedha bila uchoyo. Lichongwe kwenye lethi, liwe na pini za kulishikilia mahali pake, kisha lipimwe kwa saa ya kupimia, kile kipimo cha mshale cha mafundi, ikiwa imefungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa taratibu, ili ijulikane kwamba kitovu cha krankshafti na kitovu cha shafti ya giaboksi viko kwenye mstari mmoja. Fundi akikuambia kwamba jicho lake linatosha, mshukuru na umtafute mwingine. Angalia pia kama krankshafti ina tundu la beringi ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi, kwani baadhi ya injini za viwandani hazikuchongwa tundu hilo.

Flaiwili ni suala la usalama wa miguu yako. Ya trekta ni nzito, ni ya chuma cha kumiminwa, na iliundwa kwa mwendo wa polepole. Injini ikilazimishwa kuzunguka kupita kiwango chake, chuma hicho kinaweza kupasuka, na vipande vyake hupenya sakafu ya gari kama karatasi. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mwendo utafutwe kwenye difu na giaboksi, na lakiri ya pampu ya dizeli iachwe ilivyo hadi mtaalamu wa pampu aipime mezani kwake.

Pampu ya CAV DPA, iliyofungwa katika nyingi ya injini hizi, hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila. Mchezo huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha, lakini mwenye pampu kuukuu bado anapaswa kuwa na kituo anachokiamini.

Mtetemo utakuwepo, hasa kwa silinda tatu, na mipira laini ya kukalia injini husaidia kuliko migumu. Uzito pia haukwepeki, hivyo springi za mbele zibadilishwe pamoja na injini. Jambo wanalolisahau wengi ni breki: buster ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga pedali, hutegemea ombwe linalotoka kwenye manifoldi ya petroli, na dizeli haina ombwe hilo. Tafuta alternata ya pikapu ya dizeli ya Kijapani yenye pampu ya ombwe mgongoni mwake, uifunge kabla gari halijatoka nje ya geti.

Kuhusu joto la Pwani, rejeta ya trekta haitoshi, kwa sababu gari litapanda mlima wa Mazeras likiwa na mzigo na kisha kusimama kwenye foleni ya Likoni bila upepo wowote. Weka rejeta ya lori yenye kiini kipya, pamoja na kibati cha kuizungushia feni ili hewa yote ipite kwenye kiini.

Mwisho ni karatasi. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yanapaswa kuripotiwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likaguliwe, na nambari mpya iingizwe kwenye logibuku. Muuzaji wa vyuma asiyetaka kukuandikia risiti yenye nambari ya injini na jina lake, mwachie injini yake hata ikiwa inawaka kwa mguso wa kwanza.