Nguzo za baraza Igombe zinapasuka: usikimbilie plasta

Mkuu, unasema nguzo za baraza yako huko Igombe, Mwanza, zina nyufa za wima na madoa ya kahawia, na fundi anadai ziwa ndilo linalokula nondo, apige plasta yaishe. Ziwa mnalionea. Maji ya Victoria ni baridi, hayana chumvi kama ya Dar au Tanga.

Mimi yalinikuta Luchelele, hapo hapo Mwanza. Mwaka wa saba tangu nijenge, nguzo ya nje ikatoa ufa mwembamba kama uzi kwenye kona. Nikaigonga nyundo, ikalia kama debe tupu. Kutoa ganda kwa tindo, nakuta ringi, ile nondo nyembamba inayozunguka nondo za wima, imefunikwa na zege lisilofika unene wa kidole changu cha mwisho. Biskuti, vile vipande vya saruji vya kuitenga nondo na ubao wa fomu, hakuna hata kimoja. Badala yake fundi alichomeka vipande vya mbao, na kimoja bado kilikuwemo, kimeoza, kinanyonya mvua. Msimamizi wa siku ile? Mimi, nimekaa kivulini na soda yangu.

Zege zuri lina alkali kali, pH (kipimo cha ukali huo) 12 hadi 13, na hiyo ndiyo inayoilinda nondo. Hewa ya ukaa hupenya taratibu na kuishusha. Ikifika chini ya 9 na unyevu upo, kutu inaanza, nayo huvimba mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Hapo zege lazima lipasuke. Zege la uji, lile mafundi wanalolipenda kwa kuwa halichoshi mkono, likikauka linabaki na vitundu tele vya kupitisha hewa na maji.

Kwa hiyo egemeza boriti kwa mirunda kwanza. Bomoa zege bovu mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Nondo ya milimita 12 ikibaki kama 9, mwite injinia, huenda ukaongezewa nyingine pembeni. Lowanisha zege la zamani ndipo ujaze.

Kwa ile nyumba ndogo unayotaka kuanza, finyanga biskuti za mchanga na saruji: milimita 25 kwa slebu, 40 kwa nguzo, 50 kwa msingi. Mwagilia siku 7, usiwaachie mawingu kazi hiyo. Vumbi la kutu kwenye nondo za dukani lisikutishe, sugua magamba tu. Rangi ya mafuta usipake, zege halitaishika nondo.

Ukishafungua hiyo kona, weka picha hapa kabla hujajaza.