Funguo ziko kwa nani?

Kwa miaka kadhaa nilijitolea kwenye kituo cha vijana, katika mtaa uliokuwa na sifa mbaya. Tulikuwa na mipira, vitabu, hata vyerehani viwili. Tulikuwa tukifungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, kama ofisi. Vijana tuliowataka walikuwa wanaamka sisi tukianza kuchoka, na vurugu zilianza tukishapiga kufuli. Ilichukua zaidi ya mwaka kuliona hilo, tena kwa kuonyeshwa na mama mmoja aliyeuliza kwa nini taa zetu huzimwa kabla ya za baa.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha taasisi mtaani kwako, usianzishe kwanza. Zunguka uone shule, maktaba, misikiti, makanisa, ofisi za vyama vya akiba. Kila mahali uliza panafungwa saa ngapi na funguo anazo nani. Sisi tulihamishia masomo ya jioni kwenye madarasa ya shule yaliyokuwa yanalala matupu. Gharama kubwa ilikuwa mshahara wa mlinzi.

Msidhani vikundi vidogo ni mapambo. Mwanasosholojia Patrick Sharkey na wenzake walichunguza miji 264 ya Marekani kwa miaka 20, wakakuta kila mashirika 10 ya kijamii yaliyoongezeka kwa wakazi 100,000 yalishusha mauaji kwa takriban asilimia 9. Huko Chicago nako, vijana wa shule zenye vurugu walipewa kazi ya wiki 8 ya kiangazi, yenye ujira, na mtu mzima wa kuwaongoza. Katika miezi 16, kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa wenzao waliokosa nafasi. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana baada ya kazi kwisha. Maana yake si kwamba walikosa tu muda wa kufanya ubaya.

Kwenye fedha tuliteleza. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza na sanduku lenye kufuli moja, ufunguo kwa mwenyekiti. Hakuna kilichoibwa, lakini minong'ono peke yake ilitosha kuwaondoa nusu ya wanachama. Tukabadili: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu, sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikao, na hesabu husomwa kwa sauti hadi asiyejua kusoma aikariri. Utaratibu huu si wetu. Vikundi vya aina hii vilianza Niger mwaka 1991.

Na polisi? Wakaribisheni kwenye mikutano, wachezeni nao mpira wakipenda. Daftari la mahudhurio wasipewe. Siku kijana akihisi jina lake limefika kituo cha polisi kupitia kwenu, hamtamwona tena, wala rafiki zake.