Ushuru umeondolewa, mbona nimelipa mpakani?

SWALI: Niko Ujiji, natengeneza sabuni za miche kwa mawese. Nilipeleka katoni 80 Burundi kupitia Manyovu, nikavuka na risiti tu, nikatozwa ushuru. Si tunaambiwa nchi za Afrika Mashariki hazitozani? Na sasa Kongo imeingia, naweza kupeleka Uvira?

JIBU: Dada, umeambiwa nusu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 na Burundi ikaingia 2009, lakini msamaha wa ushuru ni wa bidhaa yenye cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha imetengenezwa nchi gani. Bila cheti, sabuni yako inahesabiwa sawa na iliyoshuka melini kutoka ng'ambo.

Tazama hesabu. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi 1,000,000 na kiwango cha ushuru ni asilimia 25. Unalipa 250,000, kisha VAT ya Burundi, asilimia 18, inapigwa juu ya 1,250,000: 225,000 nyingine. Jumla 475,000. Ukiwa na cheti unalipa VAT peke yake, 180,000. Hiyo VAT cheti hakiifuti, na hapo ndipo wengi hugombana na forodha bure.

Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani una njia fupi: cheti rahisi cha uasili. Kinajazwa mpakani kwenye dawati la forodha upande wetu, bila wakala, mradi bidhaa imo kwenye orodha ambayo nchi wanachama zimekubaliana. Uliza orodha hiyo kabla hujapakia gari. Ukizidi dola 2,000, anzia TCCIA ya mkoa, yaani chemba ya wafanyabiashara, upate cheti cha kawaida.

Sabuni ina ugumu ambao dagaa na chumvi ya Uvinza hazina. Dagaa ni wa kwetu moja kwa moja. Sabuni ina kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni) ya kutoka nje, hivyo utatakiwa kuonyesha kwamba malighafi imegeuzwa kweli kuwa bidhaa nyingine. Mawese kuwa sabuni ni mageuzi ya kutosha kuyatetea, ila uwe na daftari: lita za mawese kwa kila mpiko wa sabuni, kilo za kostiki, risiti za vyote viwili, na idadi ya miche iliyotoka. Kama mawese unayanunua kwenye maboti ya Kongo, dai cheti chake pia. Malighafi ya nchi mwanachama huhesabiwa kama ya kwetu ikiwa na uthibitisho. Madumu yasiyo na karatasi yanahesabiwa ya kigeni.

Kuna makosa ninayoyaona kila mara. Wanawake watano wanachanga Fuso moja halafu wanaandika ankara moja. Thamani inavuka dola 2,000 na njia fupi inafungwa. Kila mmoja awe na ankara na cheti chake. Wengine wanachomeka katoni mbili za mafuta ya kupaka ya dukani kati ya sabuni, na mzigo wote unazuiwa hadi upekuliwe. Na usiandike "sabuni" tu: andika aina, uzito wa mche, idadi ya katoni na bei.

Alama ya TBS, shirika la viwango, ni jambo jingine tena. Alama ya ubora iliyosajiliwa na Jumuiya inapaswa kukubaliwa nchi nyingine bila kupima upya. Bila hiyo, sampuli inachukuliwa na mzigo unalala. Kuipata alama hiyo, anzia SIDO Kigoma, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho.

Uvira usiende kwa kukisia. Kongo ilisaini mkataba Aprili 2022, lakini kusaini na kubadilisha vitabu vya forodha ni vitu viwili. Mwambie mnunuzi wako akuletee kwa maandishi kiwango anachotozwa bandarini kwa sabuni yenye cheti cha Jumuiya. Akishindwa kukipata, panga bei kama vile ushuru upo, au muuzie hapahapa Kigoma kwa shilingi, avushe mwenyewe.