Usibandike hizo stika za rangi

Mwalimu, weka hizo stika chini kwanza. Umesema unafungua maktaba ndogo ya vitabu 240 kwa watoto 45 wa darasa la kwanza na la pili, na wikendi hii unaanza kubandika nyekundu kwa vitabu vyepesi, njano kwa vya kati, kijani kwa vigumu. Ukauliza pia kabati liwe la namna gani na vitabu viazimwe vipi. Kabati nitaligusia mwishoni; kuazima kutasubiri. Nilibandika vitabu zaidi ya 300 kwa mtindo huohuo, na kubandua kulinichukua muda mrefu kuliko kubandika.

Siku chache tu baada ya kufungua, mtoto haombi tena kitabu cha simba. Anasema, "Mimi ni kijani." Yule wa nyekundu naye ana macho, anaona. Atachukua cha kijani afunue kurasa moja moja bila kusoma chochote, mradi wenzake wasimwone na chekundu. Ndani ya kapu la njano sasa kuna mamba, harusi, lori na mwezi, vyote pamoja. Anayependa wanyama anapekua makapu yote matatu, anachoka, anakwenda kukaa. Na kiwango chenyewe hakitulii: mtoto anayechunga ng'ombe atasoma kitabu kigumu cha ng'ombe na kushindwa chepesi cha meli.

Kuna na suala la lugha, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Vipimo vingi vya viwango vilitungwa kwa Kiingereza. Vinahesabu maneno kwenye sentensi na silabi kwenye neno. "Hawakumwambia" ni neno moja, silabi sita, habari nzima imekamilika. Ukihesabu maneno, kitabu kinaonekana chepesi. Ukihesabu silabi, karibu kila kitabu chetu kitakuwa kigumu. Ile kanuni ya vidole vitano nayo, mtoto akunje kidole kwa kila neno linalomshinda, na vikikunjwa vyote kitabu ni kigumu mno kwake, haitoshi kwetu. Aliyeshika silabi anatamka hata "uwajibikaji" bila kujikwaa na bila kuelewa, vidole vyote vimenyooka. Mfunikie ukurasa umuulize: "Hapa kumetokea nini?" Jibu lake ndilo kipimo. Wawezeshaji wa semina wanaotugawia chati za rangi hawatuambii haya. Wanagawa chati, wanapiga picha na washiriki, wanaondoka, na mwalimu anabaki na stika.

Kanuni yangu ni moja: mtoto ambaye bado hajui kusoma aweze kurudisha kitabu mahali pake bila kukuuliza. Kila uamuzi upime kwa hiyo.

Kwa hiyo panga kwa mada. Kwa mfano: wanyama, familia, safari, mwili wetu, hadithi za sungura na fisi, vitendawili na nyimbo, vitu vinavyofanya kazi. Kila kapu lichukue vitabu 15 hadi 20, vikisimama, jalada likimtazama mtoto, avipekue kama kadi. Acha robo ya kapu wazi. Kapu likijaa hadi mkono haupiti, watoto huchomoa kitabu kwa kukamata jalada, na pini zinaachia hapohapo. Chora picha moja na namba moja kwa kila kapu, kisha picha hiyohiyo na namba hiyohiyo kwenye kila kitabu chake, kona ya juu kushoto ya jalada la mbele. Usiweke mgongoni: vitabu vingi vya umri huu vina kurasa 16 au 24 zilizopigwa pini katikati, mgongo hauna hata nafasi ya namba. Funika alama kwa selotepu pana inayoonyesha, ipite milimita kadhaa kila upande, la sivyo kucha za watoto zitaimaliza.

Ongeza kapu moja lenye alama kubwa ya kuuliza. Kitabu kilichopoteza alama au kilichochanika kiingie humo, si kwenye kapu lolote lililo karibu. Ijumaa watoto wawili wanapanga lile kapu tu, dakika kumi.

Usitoe makapu yote 12 siku ya kwanza. Toa manne, wafundishe kurudisha, ongeza mawili kila wiki. Ukitaka viwango kwa ajili ya vikundi vyako vya kusoma, andika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, uone wewe peke yako.

Kabati: mtoto mfupi kuliko wote afikie kapu la juu akiwa amesimama kwa nyayo.

Na kama umeshaanza kubandika, jalada lenye utando wa plastiki lipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, inua kona, vuta polepole ukiilaza stika juu ya jalada, usiivute kwenda juu. Jalada la karatasi tupu usiliguse, litachanika. Bandika picha ya kapu juu ya ile rangi uifunike kabisa.