Barua kwa binti yangu: nitumie picha ya nyuma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, mara ya tatu pamoja na mamako, naye alianza kucheka uliposema "redio ya ndege ya vita" kabla hujamaliza maneno. Amenikataza nisikujibu kwa sauti, eti nitasema mpaka chaji iishe. Basi naandika.

Umeuliza jambo fupi. Mwanao ana miaka 13, anataka kuanza redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, na hapo Toronto kuna mzee anauza BC-348, redio ya kupokea ya ndege, ya mabaki ya vita. Je, umnunulie hiyo, au umnunulie kile kiredio kidogo kipya cha mkononi walicho nacho wenzake? Nitakujibu. Lakini ulipolitaja lile jina, BC-348, nilikwenda kusimama mbele ya kabati ambako yangu ilikaa miaka yote ile, na jibu likanipotea.

Nyote mmekua chini ya ile redio. Unakumbuka nyanyako alivyokuwa akiitukana kwa sababu haishiki taarabu ya kituo cha hapa Mombasa? Alidhani nafanya uvivu. Nilimweleza mara mia: mtambo ule unasikia kuanzia kilohezi 200 hadi 500, kisha unaruka, unaanza tena megahezi 1.5 mpaka 18. Pale katikati, kwenye vituo vya mawimbi ya kati, hauna kitu. Walioubuni waliwafikiria askari wa redio ndani ya ndege za mabomu B-17 na B-24, hawakumfikiria bibi wa Kibokoni. Nyanyako akasema, "Basi warudishie wenyewe."

Nilifika Marekani 1961, katika zile safari za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya. Chuo kilikuwa New Jersey, na mwenzangu wa chumba alikuwa kijana wa Ohio, mtoto wa mkulima. Jumamosi ya kwanza ya baridi alinivusha mto akanipeleka mtaa wa Cortlandt, kusini mwa Manhattan. Watu wakipaita Radio Row. Mwanangu, sijawahi kuona soko kama lile, na mimi ni mtu wa Marikiti. Vita vilipokwisha 1945 serikali yao ilibaki na mitambo ya ndege kwa maelfu, ikaiuza kwa bei ya kutupa, na miaka 16 baadaye bado kulikuwa na maboksi yenye mhuri ambayo hayajafunguliwa. Valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, zilijaa mapipa njiani kama maembe. Mita, swichi, vipokea sauti vya masikioni vyenye ngozi iliyokauka. Na ile harufu! Vifaa vya Pasifiki vilipakwa vanishi ya kuzuia ukungu, na mtaa mzima ulinukia vanishi hiyo na mpira mkuukuu. Nikiisikia leo nitalia kama mtoto.

Mtaa wenyewe haupo. Wenye maduka waliandamana, haikusaidia. Kuanzia 1966 ulibomolewa kupisha World Trade Center. Ile siku ya Septemba 2001 ulipotupigia simu unalia, nami nikasema, "Pale ndipo niliponunua transfoma," mamako alinitazama vibaya, na alikuwa na haki. Lakini ndilo lililonijia.

Tulinunua vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa BC-459, mtambo mdogo wa kurushia wa ndege, mkubwa kidogo kuliko tofali, kwa dola zisizofika kumi. Ndani una valvu mbili za 1625, na valvu hizo zinataka volti 12.6 kuwasha nyuzi zake, si 6.3 kama ndugu yake 807 ambayo kila mtu aliitaka. Ndiyo maana zilikuwa rahisi. Cha pili ni BC-348 yenyewe, imebonyea ubavuni. Hiyo niliilipia kwa miezi miwili ya kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo.

Sasa elewa: vitu hivi havikuwa redio za kuchomeka ukutani. Ndani ya ndege kulikuwa na volti 28 za betri, na ndani ya sanduku kuna mota ndogo inayozunguka na kuzigeuza kuwa volti mia mbili na zaidi. Ikiwaka inalia kama mbu wa chuma. Ilibidi tuing'oe mota, tufunge transfoma mahali pake, kisha tupange upya nyaya za nyuzi za valvu, maana zilikuwa zimefungwa kwa mafungu ili zikubaliane na zile 28. Majuma matatu, na chuma cha lihamu cha kuazima. Hapo ndipo nilipojifunza redio, si darasani. Mtambo usioufungua mwenyewe umeuazima tu. Nimewaambia hilo tangu mko wadogo na nitalisema tena.

Na ile alama kwenye kidole changu mliyodhani ni ya kisu, ni ya kapasita. Nilizima umeme nikadhani umekwisha. Kapasita huhifadhi umeme, haijui kama umezima. Tangu siku ile nafanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Leseni ya mwanzo ya Wamarekani ilikuwa ya mwaka mmoja tu, wati 75, maneno matano ya Morse kwa dakika, na ilitaka masafa yafungwe kwa kristali. Hukuruhusiwa kuyazungusha utakavyo. Kristali nazo zilikuwa za jeshi, aina ya FT-243, kipande chembamba cha kwatzi ndani ya kibweta cheusi chenye miguu miwili. Unanunua ya masafa ya karibu, unaifungua, unaisugua juu ya kioo kwa unga wa kusagia na maji, ukichora umbo la nane kwa kidole. Ikipungua unene, masafa yanapanda. Ukizidisha, imekwenda. Mimi nilitaka kilohezi 7,180, nikasugua kwa raha zangu nikiimba, nikafika 7,203, nje ya eneo la wanaoanza. Mwenzangu alitaka kuitupa. Nikachukua penseli nikachora mistari miwili juu ya jiwe, uzito ule mdogo ukaishusha hadi 7,198. Tulipima kwa BC-221, nayo ya jeshi, tuliyoiazima maabara. Katika shahada yangu yote hakuna alama iliyonifurahisha kama ile.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikikusimulia, na wewe huwa unaniuliza, "Kisha ikawaje?" nami nasema chai imepoa.

Morse yangu ilikuwa maneno 13 kwa dakika. Yake matano, kwa jasho. Tulijaza fomu siku moja, mezani pamoja. Yake ilirudi na herufi za kituo, jina lake la hewani. Yangu ilirudi na karatasi. Sheria ya Marekani wakati ule ilitaka mwenye leseni ya ridhaa awe raia, basi. Hakuna aliyenitukana. Ilikuwa karatasi ya adabu kabisa, na labda ndiyo maana iliniuma zaidi. Mwaka 1964 walirekebisha, mgeni aweze kuruhusiwa ikiwa ana leseni ya kwao na nchi yake imekubaliana nao. Mimi kwetu sikuwa na leseni. Niliondoka na msahafu na suti moja.

Kwa hiyo nikawa msikilizaji. Saa kumi alasiri ya New Jersey, huku kwetu ni saa sita usiku, nakaa kwenye megahezi 14 na kusikiliza. Siku moja nikasikia VQ4. Wewe unajua 5Z4, ya baada ya uhuru; kabla yake Kenya ilikuwa VQ4. Mzungu, sauti imekauka, anamwambia mtu wa Florida kwamba mvua za Nairobi zimechelewa. Maneno hayo tu. Nilikuwa na miezi kumi sijasikia mtu akitaja mvua zetu. Nilitaka kumuuliza habari za pwani. Mimi sikuwa raia. Mwenzangu alikuwa raia lakini leseni yake haikumruhusu megahezi 14. Na mtambo wetu haukufika huko hata tungekuwa na leseni zote za dunia. Tukakaa vijana wawili tukimtazama yule mzungu ndani ya sanduku mpaka akafifia.

Sasa nitakuambia ambalo hata mamako hajui, ingawa ataisoma hii kabla sijaituma.

Usiku mmoja wa 1962 mwenzangu aliita kwenye 7,198, kisha akaitwa simu iliyokuwa ukumbini, chini. Alipotoka tu, mtu wa Virginia akajibu. Safi, polepole, akiandika herufi za kituo chetu, kisha akanyamaza kusubiri. Mlango uko wazi, nasikia mwenzangu chini anacheka na mamake. Mtu wa Virginia akaita tena. Nikaweka kidole kwenye kibonyezo nikapiga herufi mbili zilizounganishwa, nukta, mstari, nukta tatu. Maana yake: subiri.

Akasubiri. Mwenzangu akarudi, akaendelea, sikumwambia.

Hilo ndilo neno pekee nililowahi kurusha hewani. Kuna siku nasema nilivunja sheria ya watu walionipa chakula na elimu. Kuna siku nasema adabu gani ya kumwacha mtu anaita gizani bila hata "subiri"? Kisha najijibu: ungeweza kumpigia kelele mwenzio pale ngazini. Ningeweza. Sikutaka. Nilitaka kidole changu kiende Virginia.

Na umewahi kuniuliza mbona niliporudi 1965 na lile sanduku la zaidi ya kilo 15 sikuomba leseni hapa kwetu. Nilikupa sababu: umeme wetu ni volti 240, transfoma ya kule ilikuwa ya 110, chumvi ya bahari ikala swichi, mkazaliwa nyinyi. Zote ni kweli. Mamako anasema ni kisirani tu. Sijui kama ana makosa. Mtu akikunyima maji ukiwa na kiu, ukifika kisimani kwenu utakunywa au utakaa na kiu yako umwonyeshe? Na nani alikuwa akinitazama?

Haya, mjukuu wangu. Kazaliwa huko, habari ya uraia haimgusi. Kile kidogo cha mkononi kitamfanya aseme na watu kesho asubuhi, na mtoto anayetaka kusema ni haki aseme. Hilo nalikubali. Lakini ataongea na mji wake kupitia mnara wa mtu mwingine, na kikifa atakitupa, maana hakifunguki. Umeuazima tu. BC-348 nayo haitamruhusu kurusha hata neno. Ni ya kusikiliza. Itamlisha vumbi, na ndani yake mna kapasita zenye umri mkubwa kuliko wewe. Kama kuna mita au saa ya ndege imefungwa pamoja nayo, asiikwangue rangi inayong'aa. Nyingi zilipakwa radiamu, yenye mionzi ya hatari. Wala asiiwashe siku ya kwanza, hata muuzaji akiapa.

Mimi sisemi ununue. Mtoto ni wako na pesa ni zako, na mamako ameshika miwani yangu nisikuamulie.

Ila muulize yule mzee kama mota ya volti 28 bado imo. Kama imetolewa, nyaya zake zilifungwa vizuri au zilikatwa tu? Na picha uliyonitumia ni ya mbele. Mbele zote zinafanana. Mwambie mtoto afungue skrubu za kifuniko, mkono mmoja mfukoni, akupigie picha ya nyuma, unitumie leo kabla hamjalala.

Babako