Hita ya bafuni: amua kabla fundi hajapiga plasta

Hapa Tabora wengi huniuliza habari za hita nyumba ikiwa imeshapigwa vigae mpaka juu. Hapo tumeshachelewa, kwa sababu maji ya moto yanataka bomba lake na waya wake, na vyote viwili hupita ndani ya ukuta.

Asikwambie mtu kwamba mji wetu ni wa joto, hita ya nini. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya simtanki lililolala nje usiku wa Julai hayafai kumwogeshea mzazi aliyetoka kujifungua, wala bibi mwenye miguu inayouma.

Kwenye ukuta wangu nilitaka bomba la plastiki la PPR tupu, na upande wa maji ya moto liwe lile lililoandikwa PN20, alama ya kiwango cha presha linachobeba. PVC ya gundi hulainika maji yakiwa moto sana. PPR huunganishwa kwa mashine inayolipasha hadi nyuzi 260 hivi, na hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana: asiposukuma vya kutosha litavuja, akizidisha, plastiki iliyoyeyuka itajikunja ndani na kuziba tundu. Simama naye uangalie. Kisha, kabla ya plasta, azibe ncha zote na apandishe presha kwa pampu ya mkono, mara moja na nusu ya ile ambayo mabomba yatabeba. Mshale wa kipimo cha presha usishuke. Kwangu ulishuka. Elbo (kiungo cha kona) moja nyuma ya choo ilikuwa inatoa jasho, ikakatwa na kuchomwa upya jioni ileile. Fikiria ingegundulika baada ya vigae!

Hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kutufikia, nyumba nyingi bado zinategemea simtanki, kwa hiyo pima kimo chake. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1. Tenki likiwa mita moja tu juu ya shawa, una baa 0.1, na hita nyingi za papo kwa papo, zile zinazopasha maji yanapopita, haziwaki kabisa kwa msukumo huo. Inua stendi au weka pampu ndogo.

Umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Hita ya wati 5,500 kwa volti 230 huvuta ampia 24. Usikubali iunganishwe kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5. Iwe na waya wake wa milimita 6 kutoka kwenye sakiti breka yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, iwe ya kweli: udongo wetu hukauka sana kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo chuma kifupi cha ethi kilichochomekwa juujuu hakitamlinda mtu aliyelowa. Mwambie fundi umeme aipime ethi hiyo kwa mita, tena mwezi wa Septemba.

Kwa gharama, kuoga dakika 10 kwa hita hiyo hula karibu uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Familia kubwa ningeishauri hita ya jua. Jua la Tabora tunalo la kutosha.

Ukichagua hita ya tangi, lazima iwe na valvu ya usalama. Maji yakipata moto hutanuka, kwa hiyo valvu hiyo itadondosha matone. Usiizibe kamwe. Ifungie kijibomba kinachoelekea kwenye mfereji wa bafu.