Kabla ya kuandika "Kivuli", andika ni cha nani

Mleta uzi, usimpe hela huyo jamaa anayekuuzia jedwali la tasnifu. Umeuliza idadi ya vyanzo, umeuliza pa kupata vitabu Mwanza, lakini kilichonishtua ni hilo "jedwali la vikale vya Jung" unalouziwa kwa ajili ya tasnifu yako ya riwaya mbili, Kusadikika ya Shaaban Robert na 1984 ya George Orwell. Vikale ni zile sura za kale ambazo mwanasaikolojia Carl Jung alisema zimo katika nafsi ya kila mtu, kama Shujaa na Kivuli. Mhusika kushoto, kikale kulia: Karama, mshtakiwa wa Kusadikika, Shujaa; Majivuno, anayemshtaki, Kivuli; kazi imekwisha.

Jedwali hilohilo lilinirudisha mwaka mzima. Aliniuzia mtu mmoja mwenye steshenari mitaa ya Makoroboi, anajiita mshauri wa tafiti, na sidhani kama alishawahi kufungua Kusadikika. Siku ya kutetea, mtahini aliniuliza swali moja: "Kivuli cha nani?" Nikabaki nimesimama. Ada ya mwaka wa pili aliitoa mama yangu kwenye dagaa zake. Nilipomfuata yule bwana, akaniambia watahini wana roho mbaya. Mpaka leo anauza.

Sasa sikia. Kivuli kwa Jung si adui yako. Ni sehemu ya nafsi yako uliyoikana, ukaificha nyuma ya sura unayowaonyesha watu. Sasa niambie, Majivuno ana nini ambacho Karama amekikana ndani yake? Hana. Na Karama mwenyewe hasafiri popote kinafsi. Anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anajitetea, anatoka ni yuleyule aliyeingia. Ukimpachika safari ya kujitambua unamsingizia.

Anayesafiri ni nchi. Nchi hiyo ya Kusadikika iliwatuma wajumbe sita mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na waliporudi na mema ikawatia gerezani. Watu husahau kwamba kwa Jung kivuli hubeba pia mazuri yaliyozuiwa. Basi Kivuli cha Kusadikika ni wale wafungwa! Majivuno ndiye sura ya nje ya nchi, ile inayolinda heshima yake. Karama anachofanya ni kuyataja yaliyofungiwa, mbele ya mfalme, mpaka milango ifunguke. Shaaban Robert alilichapisha hilo mwaka 1951, chini ya Mwingereza, na wewe unataka kulimaliza kwa safu mbili za jedwali?

Kwenye 1984 ni kinyume kabisa. O'Brien, mtu wa Chama tawala anayejifanya mpinzani, anamuuliza Winston, mhusika mkuu anayetaka kukipinga Chama, kama yuko tayari kummwagia mtoto tindikali usoni ikiwa itasaidia mapambano. Winston anasema ndiyo. Baadaye, akiwa kwenye mateso, anadai kuwa yeye ni bora kuliko Chama, na O'Brien anamchezea kanda ya sauti ya siku ile. Hapo ndipo Kivuli cha Winston kinapozungumza, kwa sauti yake mwenyewe. Kukutana na kivuli ndiko kungempeleka mtu kwenye kutimia kwa nafsi yake. Chama kinatumia kukutana huko kumvunja Winston, hadi anampenda Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama. Distopia nzima, yaani ile nchi ya kubuni inayowaponda watu wake, imo kwenye kanda ile. Tasnifu yako iko hapo.

Kwa hiyo kila unapoandika jina la kikale, weka "cha nani" mbele yake, kisha onyesha tukio. Ukikosa tukio, futa. Mnunuzi pale Mwaloni Kirumba hatosheki kuambiwa sangara huyu ni mbichi, anafunua matamvua kwanza.

Na kama unatafuta safari ya kujitambua hasa, mbona umemruka mwandishi Euphrase Kezilahabi, mtu wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo hapo tu? Kwenye riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991) msimulizi hana hata jina. Jedwali lako lingemwandika nani kushoto?

Usiku huu soma tena ile sehemu ya kanda. Andika aya moja, iweke hapahapa kwenye uzi, na usimwonyeshe mtu wa steshenari. Nitaisoma na nitakwambia ukweli.